Mdoli mmoja, bei tano tofauti: hiyo chenji anakula nani?

Wadau, leo siasa na mpira tuviweke pembeni, tuongelee midoli. Ndio, midoli. Usicheke na usifunge ukurasa kwanza, maana hesabu nitakayopiga hapa ndiyo hiyo hiyo inayopandisha bei ya simu yako, laptop unayoiota na jezi orijino ya timu yako. Midoli ina faida moja: inaonyesha mambo wazi kuliko bidhaa nyingine, kwa sababu ni kitu kile kile, boksi lile lile, namba ile ile, kinauzwa dunia nzima kwa bei tofauti.

Oktoba 2025 kampuni ya LEGO ilitoa seti ya Death Star, ile ngome ya kwenye Star Wars. Vipande 9,023, namba ya boksi 75419. Ilikuwa seti yao ya kwanza kufikia dola 1,000. Marekani waliiweka kwa dola 999.99. Ujerumani euro 999.99. Uingereza pauni 899.99. Sasa chukua kikokotoo. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya mwezi ule, bei ya Ujerumani ilikuwa kama dola 1,170 na ya Uingereza kama dola 1,200. Yaani Mwingereza analipa dola 200 zaidi ya Mmarekani kwa plastiki ile ile. Dola 200, jamani, kwetu ni mshahara wa mtu kwa mwezi, na wengine hawaufikii.

Wakusanyaji wa Ulaya walilalamika sana: "Tunaibiwa!" Je, ni kweli wanaibiwa? Twende taratibu.

KODI: ILIYOFICHWA NA ILIYO WAZI

Bei ya Uingereza ina VAT ya asilimia 20 ndani yake tayari. Toa hiyo kodi, pauni 899.99 inabaki 750 hivi. Igeuze kuwa dola: kama 1,005. Ya Ujerumani ina VAT ya asilimia 19. Itoe, zinabaki euro 840, sawa na dola 980 na ushee. Na ile ya Marekani? Dola 999.99 ni kabla ya kodi. Mmarekani akifika kaunta anaongezewa kodi ya mauzo ya jimbo lake. California inaanzia asilimia 7.25, Oregon ni sifuri.

Umeona mchezo? Kodi ikiondolewa, kampuni yenyewe ilikuwa inapokea karibu hela ile ile kila mahali. Kelele zote zile zilihusu hela inayoingia hazina ya serikali, si mfukoni mwa kampuni. Kituko kingine: LEGO ina kiwanda Nyíregyháza, Hungary. Mtu anayeishi jirani na kiwanda hicho anakatwa VAT ya asilimia 27, ya juu kuliko nchi zote za Umoja wa Ulaya. Kukaa karibu na kiwanda hakusaidii kitu. Kinachohesabika ni uko upande gani wa mpaka wakati unalipa.

Kwa hiyo somo la kwanza: kabla hujasema umeibiwa, uliza bei unayoiangalia ina kodi au haina.

FORODHA: JE, WOLVERINE NI BINADAMU?

Hiki kisa nakipenda sana. Zamani Marekani walikuwa wanatoza ushuru tofauti kwa aina mbili za midoli. Mwanasesere, yaani sanamu ya mtu, asilimia 12. Mdoli mwingine wowote, kama mnyama, jini au roboti, asilimia 6.8. Kampuni ya Toy Biz ilikuwa inaingiza sanamu za X-Men, akina Wolverine. Forodha wakasema hao ni watu, lipa 12. Kampuni ikaenda mahakamani kusema hapana, hawa si binadamu, lipisha 6.8.

Januari 2003 Jaji Judith Barzilay wa Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani akaipa kampuni ushindi: X-Men si binadamu. Mashabiki wakahamaki, maana hadithi nzima ya X-Men inahusu viumbe wanaopigania kutambuliwa kuwa ni binadamu kama wengine, halafu wenye mali wanaenda kortini kukana!

Lakini nyuma ya kichekesho kuna jambo zito. Neno moja kwenye kitabu cha ushuru linageuza bei ya dukani. Si uzito wa plastiki wala rangi, ni afisa kaandika nini kwenye fomu.

Ushuru wenyewe ulikuja kuondolewa, midoli ikawa inaingia Marekani bila ushuru kabisa, na watu wakazoea. Halafu ukaja mwaka 2025. Aprili, Rais Trump akapandisha ushuru wa bidhaa za China hadi asilimia 145. Kumbuka midoli mingi sana inayouzwa Marekani inatengenezwa China. Mwezi uliofuata wakapatana, ukashuka hadi 30. Alipoulizwa kuhusu maduka kukauka, akajibu kwamba labda watoto watakuwa na wanasesere wawili badala ya 30, na hao wawili watapanda bei kidogo. Kampuni iliyokwenda kumshtaki, Learning Resources ya Illinois, nayo ni ya midoli, ile ya kufundishia watoto. Tarehe 20 Februari 2026 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba sheria ya dharura aliyoitumia rais haimpi mamlaka ya kutoza ushuru. Lakini Krismasi ya 2025 ilikuwa imeshapita, na waliolipa walikuwa wameshalipa.

SARAFU: KUSHUKA KWA YENI

Hapa wakusanyaji wengine walikula bata. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa inanunua yeni 105 hivi. Julai 2024 dola ile ile ilinunua zaidi ya yeni 160. Chukua sanamu ya katuni inayouzwa Tokyo kwa yeni 10,000. Mwaka 2021 ilikuwa kama dola 95. Mwaka 2024, bila mwenye duka kubadili hata sifuri moja kwenye kibandiko, ikawa dola 62.

Kwa mgeni mwenye dola ni dili. Kwa kijana wa Kijapani mwenye mshahara wa yeni si dili hata kidogo. Yeye bei yake iko pale pale, na sasa anagombania sanamu moja na wageni wa nchi nzima nzima waliojaa Akihabara na kwenye maduka ya mitumba ya Nakano Broadway. Ndio maana nasema hakuna "bei rahisi" inayoelea hewani. Rahisi kwa nani?

KAMPUNI NAZO SI MALAIKA

Mpaka hapa utadhani natetea makampuni. Subiri kwanza.

Mdoli wa Labubu, yule mwenye meno aliyebuniwa na msanii Kasing Lung na kuuzwa na Pop Mart ya China, alivuma dunia nzima baada ya Lisa wa kundi la Blackpink kuonekana naye mwaka 2024. Toleo lililotoka Aprili 2025 liliuzwa China kwa yuan 99 kwa boksi la kubahatisha, kama dola 14, kodi ikiwa ndani. Marekani boksi hilo hilo lilikuwa dola 27.99, kodi bado. Hapo VAT haiwezi kuwa jibu. Ushuru wa Trump unaeleza sehemu, usafiri na kodi ya fremu sehemu nyingine, lakini kinachobaki ni rahisi: kampuni inapima kila soko linaweza kulipa kiasi gani, inaweka bei hapo.

Kupima soko si kosa. Kosa ni kujenga ukuta ili mteja wa soko la bei ya juu asiweze kununua kule kwenye bei ya chini. Na hilo limeshafanyika. Julai 2019 Tume ya Ulaya iliipiga Sanrio, wenye Hello Kitty, faini ya euro milioni 6.2 kwa kuwazuia wafanyabiashara wenye leseni kuuza bidhaa zake nje ya nchi walizopangiwa, ndani ya soko ambalo kisheria halina mipaka. Uingereza nako, mwaka 2003, mamlaka ya ushindani iliyatoza maduka ya Argos na Littlewoods faini ya mamilioni ya pauni kwa kupanga bei ya midoli ya Hasbro. Hasbro wenyewe walisamehewa faini kwenye kesi hiyo kwa sababu walitoa ushirikiano.

Kwa hiyo ukisikia "bei inapangwa na soko", muulize anayesema: soko gani, na nani kafunga geti?

TURUDI KWETU

Sasa tupige hesabu ya Afrika Mashariki. Nachukua mfano tu. Mdoli wa dola 20 umekuja kwa meli, nauli na bima dola 8. Jumla dola 28 mpaka bandarini.

Ukishushwa Dubai: ushuru wa forodha asilimia 5, halafu VAT asilimia 5. Inakuja kama dola 30.90. Oman nako viwango ni hivyo hivyo.

Ukishushwa Dar es Salaam: ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi nne tangu Julai 2022, yaani 0, 10, 25 na 35, na bidhaa zilizokamilika ndizo hupandishwa ngazi za juu. Tuseme umekaa kwenye 25. Dola 28 inakuwa 35. Juu yake VAT asilimia 18, sasa ni dola 41.30. Kenya VAT ni 16, lakini utaratibu ni ule ule. Hapo hujalipa tozo ndogo ndogo, wakala wa forodha, stoo, usafiri wa kutoka bandarini, na mwenye duka hajaweka faida yake.

Angalia vizuri: ile 18 haikupigwa kwenye dola 20 za mdoli. Imepigwa kwenye mdoli, nauli, bima na ushuru wenyewe. Kodi juu ya kodi. Ukiwa mbali nauli inakuwa kubwa, na nauli ikiwa kubwa kodi nayo inavimba. Umbali unatozwa mara mbili.

Ongeza na hili: soko dogo. Anayeagiza kontena zima anagawa gharama kwa maelfu ya midoli. Anayeagiza boksi kumi kwa ajili ya wateja kumi wa Nairobi au Mwanza anagawa gharama kwa kumi. Ndio maana midoli isiyo na jina inayobebwa kwa makontena kutoka Guangdong inauzwa bei poa Kariakoo, lakini mdoli mmoja wa kampuni yenye jina unauzwa kama dhahabu. Bahari ni ile ile na bandari ni ile ile. Tofauti ni wingi.

WENZETU WANAISHIJE?

Wakusanyaji duniani wamekuwa wachumi wa vitendo. Mbinu zao ni hizi:

1. Wanunuzi wa kati. Maduka mengi ya Japani hayatumi mzigo nje, kwa hiyo kuna makampuni kama Buyee na ZenMarket yanayokununulia, yanapokea mzigo kwenye ghala lao, yanaunganisha maboksi matano kuwa moja, yanakutumia. Unalipa ada, lakini unaokoa nauli.

2. Kununua kwa kikundi. Watu kumi wanaagiza kwa pamoja na kugawana gharama. Ni upatu, ila badala ya pesa mnazungusha mzigo. Faida ni kubwa, hatari nayo ni moja: anayeshika hela. Vikundi vizuri vina mtu anayejulikana anakoishi, na orodha ya malipo iko wazi kwa wote.

3. Vipande badala ya boksi. Tangu mwaka 2000 kuna soko la mtandaoni la BrickLink linalouza vipande vya LEGO kimoja kimoja kutoka kwa wauzaji wa nchi nyingi, na linaonyesha bei ambazo vitu viliuzwa kweli miezi sita iliyopita. Mkusanyaji anachukua maelekezo ya seti, anakagua vipande alivyonavyo, ananunua vinavyopungua tu. LEGO waliona moto, mwaka 2019 wakalinunua soko lenyewe.

4. Subira. Bei ya wachuuzi wa kulangua inashuka. Juni 2025 Pop Mart walipoingiza mzigo mwingi wa Labubu kwa mpigo, bei ya walanguzi China ilianguka vibaya. Kule walanguzi wanaitwa "ng'ombe wa njano". Wengi wa ng'ombe hao walibaki na mali ghalani. Aliyesubiri wiki chache alicheka.

5. Begi la ndugu. Hii sisi ndio mabingwa. Binamu yuko Muscat, shangazi yuko Minneapolis, rafiki anarudi kutoka Guangzhou. "Dada, nakuomba unibebee kaboksi kadogo tu." Msafiri ana msamaha wa kodi kwa vitu vyake binafsi mpaka kikomo fulani, kwa hiyo kaboksi kamoja hakana neno. Ukimbebesha maboksi 20 ya aina moja, hiyo ni biashara, na afisa wa forodha ana macho. Usimponze ndugu yako.

6. Feki. Labubu feki ana mpaka jina lake, Lafufu. Mtu kununua feki kwa kujua, akafurahi, ni shauri lake. Tatizo ni anayeuziwa feki kwa bei ya orijino, na mtoto anayetafuna rangi ambayo hakuna aliyeipima.

MLANGO UNAFUNGWA

Sasa hapa ndipo penye habari yenyewe. Mbinu nyingi kati ya hizo ziliishi kwa sababu ya tundu moja dogo: kifurushi cha thamani ndogo kilikuwa kinapita bila kodi. Tundu hilo linazibwa nchi moja baada ya nyingine.

Australia ilianza kutoza asilimia 10 kwenye vifurushi vidogo tarehe 1 Julai 2018. Uingereza ilibadili utaratibu Januari 2021. Umoja wa Ulaya ukaondoa msamaha wa VAT wa euro 22 tarehe 1 Julai 2021. Brazil ikaweka asilimia 20 kwa manunuzi ya chini ya dola 50 kuanzia Agosti 2024. Marekani, waliokuwa wanasamehe mpaka dola 800, wakafunga kwa China Mei 2025 na kwa dunia nzima tarehe 29 Agosti 2025. Umoja wa Posta Duniani ulisema baadaye kwamba siku hiyo mzigo wa posta kwenda Marekani ulishuka kwa asilimia 81 ukilinganisha na wiki moja kabla, na mashirika ya posta 88 yalikuwa yamesitisha huduma zote au baadhi. Desemba 2025 Ulaya wakakubaliana tena: ushuru wa euro 3 kwa bidhaa kwenye vifurushi vya chini ya euro 150, kuanzia 1 Julai 2026.

Sababu za serikali zina mantiki. Mwenye duka mtaani analipa kodi ya pango, analipa VAT, halafu anashindana na kifurushi kisicholipa kitu. Hiyo si haki, nakubali. Lakini tazama ni nani anayeumia tundu likizibwa. Msambazaji mkubwa ana kontena, ana mwanasheria, ana watu wa kubishana kama Wolverine ni mtu au si mtu. Anayeishi mahali ambapo kampuni haina duka wala haitumi mzigo hakuwa na njia nyingine zaidi ya kifurushi. Kwake tundu lilikuwa ndilo duka.

MSIMAMO WANGU

Najua kuna mdau ataandika hapo chini: "Watu hawana maji, wewe unaleta habari za midoli." Ndugu yangu, badilisha neno mdoli uweke kitabu cha chuo, kipuri cha bajaji au kifaa cha kusikilizia cha bibi. Hesabu haibadiliki. Aliye mbali na mwenye soko dogo analipa zaidi kwa kitu kile kile, na halipishwi na mtu mmoja mbaya unayeweza kumnyooshea kidole. Analipishwa kipande kipande: kodi kidogo, nauli kidogo, kodi juu ya nauli, sarafu iliyolegea, na geti la kampuni.

Kwa hiyo naomba vitu viwili tu. Kwanza, bei ivunjwe wazi. Ninapolipia kifurushi nipewe karatasi inayosema ushuru kiasi gani, VAT kiasi gani, tozo ipi na ya nani, kwa Kiswahili kinachosomeka. Leo ukiuliza unaambiwa "jumla ni hii, lipa." Pili, kifurushi cha mtu binafsi kisipitishwe kwenye mlolongo ule ule wa kontena. Mtu atozwe, sawa, lakini kwa kiwango kimoja, kifupi, kinachojulikana kabla hajaagiza. Asilipe kwanza halafu ndio agundue.

Kuhusu makampuni, dawa ni kujua bei. Mkusanyaji anayejua kuwa kitu ni yuan 99 kule kwao hatapigwa kirahisi. Kabla hujalipa, tafuta bei ya nchi kilikotoka, toa kodi, ongeza nauli, ndipo uamue kama mwenye duka wa hapa anakuuzia au anakukamua. Wakati mwingine utagundua maskini jamaa hana faida yoyote, yeye mwenyewe kakamuliwa bandarini.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mlioagiza kitu chochote kutoka nje, kiwe mdoli, raba au simu, tupeni mchanganuo: bei ya kule, nauli, na ulicholipa mpaka kikafika mkononi. Wa Muscat na Dubai nanyi msijifiche, tupeni bei za huko tulinganishe. Tukizikusanya za kutosha nitaziweka zote kwenye jedwali moja, kila mtu aone chenji yake inakoishia.